Boksi la Viatu vya Maziko

Harufu mbili zilinijia kwa pamoja mwezi uliopita, tulipokuwa tunarudi kutoka kumzika mama. Moja ilikuwa ya oili inayoungua juu ya bomba la moshi, ile harufu nzito inayokaa kooni kama umemeza masizi. Ya pili ilikuwa ya nta ya nyuki. Ya oili ilitoka kwenye injini ya pikapu yetu, ambayo niliiendesha mwenyewe. Ya nta ilitoka kwenye koti la baba mdogo Lusambo, mdogo wake marehemu baba yangu, aliyekaa kiti cha mbele kando yangu kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Tulikuwa hatujafika hata nusu ya njia, akanigeukia na kusema kwa upole kabisa, "Mama yako alikuwa mwanamke mvumilivu sana, mwanangu."

Nilikaza mikono kwenye usukani. Nyuma kulikuwa na wanawake wanaimba nyimbo za msiba, na barabara ilikuwa mbovu. Lakini ile kauli nilifika nayo nyumbani, nikalala nayo, nikaamka nayo. Sasa nawaeleza nyie ambao hamkumjua mama yangu, ili angalau watu wachache wajue kwamba hakuwa mvumilivu. Mama yangu alikuwa na hasira, na hasira yake ndiyo iliyonilea.

Tulikaa nje kidogo ya mji wa Mpanda, upande wa barabara ya kwenda Katumba. Baba alikuwa na hii hii pikapu, na hata wakati ule ilikuwa kuukuu, bluu yake imefifia ikafanana na kaniki iliyofuliwa sana. Msimu wa mavuno alikwenda Usevya kuchukua mpunga wa watu na kuuleta mashineni mjini, na mpunga ukiisha alibeba mahindi na tumbaku za Katumba. Mama alikwenda naye kila safari. Watu wa mtaani walisema mama Siwema ameolewa na wawili, mwanaume na pikapu. Siwema ndiye mimi. Mdogo wangu Deo alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Gari lilikuwa na ugonjwa mmoja usiopona, kuvuja oili. Juu ya injini kuna kava la bati lililofungwa kwa nati, na kati ya kava na injini hukaa gasketi, lile pindo jembamba linalozuia oili isitoke. Ya dukani kwa gari la umri ule ilikuwa haipatikani Mpanda, na kuiagiza mbali haikuwa saizi yetu. Kwa hiyo baba alitengeneza yake nyumbani.

Nakumbuka siku aliyochukua boksi la viatu vyangu vya kwanza vya shule. Nilililia lile boksi kuliko ambavyo ningevililia viatu vyenyewe. Aliweka kava juu ya kadibodi, akapiga mstari kwa mkaa kuzunguka ukingo, akakata kwa mkasi wa mama wa kushonea, akatoboa matundu ya nati kwa msumari uliopashwa moto. Kisha akailoweka kwenye oili, akaipaka sabuni ya mche iliyolainishwa kwa maji, akaanza kufunga. Mama alishika kava upande wa pili lisicheze. Baba alikuwa anamwambia kila mara asikaze kwa nguvu, kwa sababu kava ni bati tu, likikazwa sana linapinda, na likishapinda halizibi tena. Mwishoni alichukua mpira mwembamba unaotoka ubavuni mwa kava, akauweka mdomoni, akapuliza mpaka mashavu yakajaa, kuhakikisha uko wazi. Akainuka na mdomo mweusi, mama akacheka mpaka akakaa chini.

Baba alikufa kwa ugonjwa wa kifua, kiangazi, kabla hatujazoea hata kwamba anaumwa. Ndugu zake walikuja wengi, wakachanga, wakamnunulia suti na viatu vipya vyeusi vya kuzikiwa. Akiwa hai hakuwahi kuvaa viatu vizuri namna ile. Boksi lake lilibaki tupu chini ya kitanda, na kila nilipoliona nilitamani kulitia moto.

Kwa ukoo wa baba, mjane alikuwa hagusi chombo chochote cha marehemu mpaka matanga yaanuliwe. Si jembe, si redio, wala baiskeli. Na hasemi na shemeji zake moja kwa moja. Anakaa kwenye mkeka chumbani, na akiwa na neno analituma kwa mtoto. Mama alikubali yote. Alikaa mgongo ukutani, kichwa amekifunika kaniki, na wanawake wa ukoo wakipokezana kumwambia lini alie na lini anyamaze. Lakini dirisha la chumba kile lilitazama uani, pale pikapu ilipokuwa inaegeshwa. Kila walichokifanya na lile gari, alikiona.

Baba mdogo Lusambo alitoka Inyonga, alikokuwa na mizinga yake ya nyuki, na siku ileile aliyofika akautoa ufunguo wa gari kwenye msumari. Ilibidi mtu aendeshe, sikatai. Kulikuwa na kuni za kufuata, unga, na wageni wa kupokea stendi. Hakuwa dereva mbaya. Ubaya wake ni kwamba hapakuwa na kitu duniani ambacho hakukijua.

Alifungua boneti akaona ukingo wa kava umelowa oili, na ule mpira wa ubavuni unatoa moshi mwembamba na tone moja moja. Yeye alikuwa mtu wa asali. Kwao kibuyu kikivuja kinazibwa kwa nta, na mzinga ukipata ufa unazibwa kwa nta. Akatoa donge mfukoni, akalilainisha kwa viganja, akazungusha ukingo wote wa kava. Kisha akachovya kitambaa kwenye nta ya moto, akauziba ule mpira mdomo, na juu yake akakaza kamba ya gome la mti. Lazima niseme kweli, kwa macho ilikuwa kazi nzuri. Injini ilipendeza kama mzinga mpya. Wanaume walisogea kuitazama na kumsifu.

Kesho yake jua lilipopanda na injini ikapata moto, nta ya ukingoni ikayeyuka. Gari likanukia asali mtaa mzima, na mchana nyuki wakaja. Kwanza wachache, kisha kundi zima, wakaikalia boneti kama nyumba yao. Waombolezaji walikimbia na mikeka kichwani. Shangazi yangu mmoja, mnene, ambaye tangu msiba uanze alikuwa anainuliwa na watu wawili, aliruka ukuta wa jikoni bila kushikwa na mtu. Baba mdogo peke yake hakukimbia. Alisimama katikati ya nyuki anatabasamu, akasema hiyo ni dalili njema, marehemu amewatuma waje kutusalimia. Watu walicheka sana. Hata mimi nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu baba afe, na nilipogeuka nikauona uso wa mama dirishani. Haukuwa na kicheko.

Kabla ya nta, gari lilikuwa linatoa matone. Baada ya nta likaanza kutoa mchirizi. Mama aliniita akaninong'oneza nikamwambie baba mdogo aufungue ule mpira, kwamba hautakiwi kuzibwa, na baba alikuwa hauzibi. Nilikwenda. Alikuwa anacheza karata na wenzake kivulini. Nikayasema maneno ya mama kama yalivyo, neno kwa neno, mikono nyuma kama niko mbele ya mwalimu.

"Mama yako yuko kwenye mkeka, anaonaje ndani ya injini?" akauliza, na wenzake wakacheka. Mmoja akadakia kwamba wajane wa siku hizi wana darubini. Baba mdogo akatupa karata yake chini. "Mwambie shemeji apumzike. Gari ina wenyewe."

Nilirudi nikamwambia. Mama akaniuliza kama kweli amesema gari ina wenyewe. Nikamwambia ndiyo. Akataka nirudie tena, kana kwamba anataka kuhakikisha hajasikia vibaya. Baadaye akanionyesha karai la kufulia. Kuanzia hapo kila gari lilipoegeshwa niliingiza karai chini yake, nikakusanya oili iliyodondoka, nikaichuja kwa kipande cha kanga, nikaimimina kwenye dumu chini ya kitanda. Alfajiri, baba mdogo akiwa ananawa uso, nilipanda kwenye bampa nikairudisha kidogo kidogo kwenye injini. Mikono ya mama ilikuwa na mwiko, yangu haikuwa nao. Lakini oili iliyomwagika barabarani sikuweza kuikusanya, na yule bwana hakuwahi hata siku moja kuchomoa stiki ya kupimia oili kutazama kama injini ina kitu ndani.

Siku moja kabla ya matanga kuanuliwa, wazee wa ukoo wakiwa wameshaanza kufika, gari lilirudi kutoka stendi huku linatoa moshi na injini inagonga kama mtu anapiga debe. Ilikuwa saa sita mchana, uani kumejaa watu. Baba mdogo akazima, akashuka, akapiga boneti kiganja.

"Hii imekufa," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Kesho wazee wakimaliza, tunaiuza chuma chakavu. Siwema nitakwenda naye Inyonga, akamsaidie mama yake mdogo. Deo aende kwa shangazi yake Usevya. Shemeji bado kijana, atarudi kwao Mwese."

Alisema kama mtu anayegawa viazi. Na hapo ndipo nilipoelewa, kwa akili yangu ya darasa la tatu, kwamba lile gari ndilo lililotushikilia pamoja. Likizima moja kwa moja, mama hana cha kutulisha, na sisi tunakuwa wa kugawanywa.

Mlango wa chumba ukafunguka. Mama akatoka, kaniki ameishusha kutoka kichwani na kuifunga kiunoni. Alipita katikati ya wanaume bila kuwasalimia. Shangazi, yule wa ukuta wa jikoni, akamkimbilia.

"Wifi, rudi ndani. Utatuletea mkosi."

"Kugawa watoto wangu ndio mkosi, wifi. Nipishe."

Akaniagiza spana za baba, kisu cha jikoni, mkasi, na lile dumu la oili. Kisha akasema nilete na boksi lililo chini ya kitanda. Nilisimama. Nilidhani nimesikia vibaya. Akaniangalia, nikaenda, na nikalileta huku nalia kwa hasira, kwa sababu lilikuwa boksi la viatu alivyozikiwa baba, na sikuelewa mtu anawezaje kulikumbuka kwa ajili ya gari.

Kitu cha kwanza alikata ile kamba ya gome. Kitambaa kilipotoka, ule mpira ulitoa pumzi ndefu na kutema oili mbele ya viatu vya baba mdogo. Mama akamgeukia, akasema naye uso kwa uso, jambo lililokuwa halijaonekana katika msiba ule.

"Shemeji, injini inatolea hewa yake hapa. Ukiziba, ile hewa inasukuma oili itoke kwingine kote. Nilikutumia mtoto akwambie."

Baba mdogo akasema kumbe tumepata fundi. Mwingine akasema labda anakwenda kumfufua marehemu kwa spana. Mama alisubiri injini ipoe, akalegeza nati moja moja, akaliinua kava.

Ndani kulikuwa na gasketi ya baba. Ilikuwa imekuwa nyeusi na ngumu, imeshikamana na chuma, lakini upande mmoja bado ilisomeka namba ya saizi ya miguu yangu, maana baba aliikata kwenye boksi la viatu vyangu vya shule. Mama alichukua kisu akaanza kuikwangua. Alikwangua polepole mno. Kipande kidogo kinatoka, anakifuta kidole, anakitazama, anakiweka kwenye kitambaa, anaanza kingine. Wanaume wakaanza kuhesabu vipande kwa sauti kama watu wanaotazama mpira wa kurushiana. Nilidhani ni woga, nikawaka zaidi, maana nilitaka awaonyeshe. Nikamsogelea nikamwambia kwa meno yaliyofungwa, "Mama, harakisha." Hakunisikia, au hakutaka.

Ilipotoka yote alifuta chuma kwa petroli. Akalibana kava ubavuni mwake, akalinyoosha ukingo uliopinda kwa kuugonga na mpini wa kisu. Akalaza boksi la viatu vya maziko juu ya boneti, akapiga mstari kwa mkaa, akakata, akachoma matundu. Akailoweka, akaipaka sabuni, akaipanga mahali pake. Nati alizikaza kwa vidole viwili tu kwenye spana, akizunguka kava zima, hata moja isizidi nyingine. Kisha akauweka ule mpira mdomoni, akapuliza mpaka mashavu yakajaa. Akainuka na mdomo mweusi. Safari hii hapakuwa na mtu wa kumcheka.

Nikamimina dumu lote. Mama akaingia, akawasha. Injini iligonga kidogo, ikakohoa, ikatulia. Moshi wa nta iliyobaki ulitoka kwa muda, unanuka asali iliyoungua, halafu nao ukaisha. Mama akaacha gari linaunguruma, akashuka, akasukuma karai chini yake kwa mguu, akakaa chini papo hapo kwenye vumbi. Watu wote tukatazama lile karai. Lilibaki kavu.

Kesho yake wazee waliamua gari libaki kwa watoto na watoto wabaki kwa mama yao. Na kwa kuwa mjane amevunja mwiko, wakamtoza mbuzi. Tulikuwa na mmoja tu. Walimchinja jioni ileile, wakamla kwa furaha, na baba mdogo akaomba ini.

Mpaka leo sijui kama baba mdogo alikuwa mjinga au mjanja, kama aliziba ule mpira kwa kutokujua au kwa kulitaka gari life. Nimewahi kuwaza kwamba nikijua, nitapoa. Siamini tena. Mbuzi ameliwa kwa vyovyote vile.

Nilikua, mama akanifundisha ile kazi, na tukawa tunakwenda Usevya wawili kama alivyokwenda na baba. Gasketi tulizikata nyingi, za maboksi ya kila aina. Na mama alikuwa na mkono mwepesi ajabu. Alikwangua gasketi ya zamani huku anapiga soga na anamfokea Deo, hujamaliza kuchambua mchele naye kamaliza. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza kuhusu ile siku. Mara moja tulipokwama njiani nilimuuliza, kwa nini siku ile, watu wote wanatucheka, alikwenda polepole vile.

"Ile ilikatwa na baba yako," akasema. Kisha akanyoosha mkono nimpe spana.

Sikuuliza tena. Lakini niliwaza jambo hilo safari nzima. Mwanamke yule aliambiwa lini alie na lini anyamaze. Alikatazwa kugusa jembe la mumewe, redio yake, kila kitu. Kitu cha mwisho ambacho mikono ya baba ilikitengeneza kilikuwa ndani ya ile injini, na ili atubakize sisi ilimbidi akikwangue kwa kisu cha jikoni, mbele ya watu wanaohesabu na kucheka. Alikuwa anamuaga mumewe pale. Mazishi yote yaliyotangulia yalikuwa ya ukoo. Yale yalikuwa yake, na hata hayo mimi nilimwambia aharakishe.

Pikapu inavuja tena, ndiyo ile harufu ya oili niliyowaambia. Gasketi iliyo ndani mama aliikata mwenyewe masika yaliyopita, ameketi kwenye kigoda kwa sababu miguu ilikuwa imeshaanza kumsumbua. Juzi baba mdogo Lusambo alikuja na mkongojo wake, akainama akatazama karai chini ya gari, akaingiza mkono mfukoni. "Nina nta kidogo, mwanangu," akasema. Nilimwambia asiguse. Nadhani nilisema kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia kwangu, maana alirudi nyuma hatua nzima.

Boksi la viatu tulivyomvisha mama liko chini ya kitanda changu. Spana ziko safi, na kisu nimekinoa. Kila asubuhi namimina tena kilichodondoka, na ndugu wananiuliza nasubiri nini, gari ndilo linalotulisha. Nitalifungua kava. Nitalifungua mchana, uani, watu wakiwepo, na nitakwangua polepole, na atakayesimama pembeni kuniambia niharakishe nitamwomba atoke uani kwangu.